Siku moja na mizinga yangu kumi na miwili

Saa kumi na moja alfajiri nachota maji, nawapikia watoto uji, navaa buti. Mimi ni mfugaji nyuki, wilaya ya Ikungi, Singida. Wengi wakisikia hivyo huuliza tu, "Asali lita bei gani?"

Saa moja nipo mizingani. Najaza maji ya kunywa nyuki, nakagua sisimizi. Alizeti imechanua, nyuki wanarudi na mabonge ya chavua, ule unga wa maua, miguuni.

Saa tatu nikasikia bomba. Mzee jirani anapuliza dawa, jua limeshatoka, maua yamejaa nyuki. Nikakimbia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama."

"Baba, si tulikubaliana jioni, nyuki wakisharudi?"

"Jioni nimechoka. Viwavi hawasubiri. Na hao nao si wadudu? Mdudu ni mdudu."

Akaendelea kupuliza. Nikamfuata mstari kwa mstari, namwomba, hadi bomba la pili likaisha. Nikamvuta kwenye shamba lake la kwanza, alilolipuliza likiwa na maua vilevile. Nikakata kichwa kimoja, nikapukuchua mbegu kiganjani mwake. Akabonyeza: pepe. Nyingine: pepe. Ganda zuri, ndani hamna kitu.

"Mvua haikutosha," akasema.

Mvua hiyohiyo imejaza mbegu za shamba la pembeni ya mizinga yangu, hatua mia mbili kutoka pale! Nilimwambia: nyuki wasipobeba chavua ua kwa ua, mbegu haijai vizuri. Akanyamaza, akaenda kuchota maji ya bomba la tatu.

Nyuki wa kwanza walianza kuanguka kabla ya adhuhuri. Chini ya mizinga mitatu wanazunguka kwa mgongo, ulimi umetoka nje. Sumu huwaua hivyo. Nilifagia bakuli zima. Wengine walikufa na chavua ya njano bado miguuni. Nililia, sioni aibu kusema.

Na hawa angalau wana mtu wa kuwafagia. Vipepeo, mbawakawa na nyuki wadogo wa porini hufa bila mtu kujua. Ujerumani watafiti walitega mitego kwenye hifadhi tangu 1989. Kufikia 2016 uzito wa wadudu warukao ulikuwa umepungua kwa zaidi ya robo tatu. Hizo ni hifadhi, si mashamba. Mahindi na mtama havimtegemei mdudu kuchavushwa, kwa hiyo ugali utakuwepo. Lakini tikiti, boga, embe, korosho na hii alizeti tunayokamua mafuta, vyote vinamtaka mdudu. Mtoto atakula ugali na nini?

Jioni, saa sijui ngapi, simu imeisha chaji. Nyuki wameingia wote. Naziba milango kwa majani na matambara, tunapakia mizinga kwenye guta la kukodi, tunaipeleka porini kilomita sita. Karibu zaidi ya hapo watarudi palepale. Mgongo unawaka. Mzinga wa nne, wa saba, sikumbuki tena.

"Mama, hawatatoka?" kijana wa guta anauliza.

Naweka sikio ubavuni mwa mzinga mmoja katika ile mitatu. Mvumo mwembamba, lakini upo.

"Twende. Polepole kwenye mashimo."