Zabibu za Dodoma, korosho za Mtwara

Siku hizi ukifungua simu tu kuna mtu anakufundisha maindifulnesi, yaani kuweka akili yote kwenye kitu unachofanya sasa hivi, kaa chini, fumba macho, sikiliza pumzi, halafu kuna apu ya kulipia. Mi siipingi, ila naona watu wa Mtwara tunauziwa kitu ambacho nusu yake kiko uani.

Yule Mmarekani Jon Kabat-Zinn aliyeanzisha haya mafunzo kule Massachusetts mwaka 1979, alichukua mbinu za Wabudha akaweka dini pembeni, kozi yake ni wiki 8 na zoezi moja maarufu ni kula zabibu kavu taratibuuu, unaiangalia, unainusa, ndo unatafuna. Sasa zabibu tuwaachie Dodoma, sisi tuna korosho.

Na korosho haitaki uwe na akili mbili. Pale kwa mama mkubwa Mikindani, bati lina matundu, moto uko chini, maganda yanaanza kutoa yale mafuta meusi mpaka yanashika moto yenyewe, hapo ukichelewa kidogo tu kuzimwaga mchangani umekula hasara. Bado kubangua. Unagonga kwenye mshono, ukizidisha inapasuka na iliyopasuka haina bei ya nzima, ukilegeza haifunguki, na mafuta yakikugusa yanababua ngozi. Mama mkubwa anajipaka majivu mikononi anaendelea, Massachusetts haijui, ila jaribu kumsemesha akiwa anagonga. "Subiri kwanza mwanangu."

Watu wengi wanaacha kwasababu akili inazurura wanaona wameshindwa. Jamani itazurura tu, kwenye ada, kwenye kikoba, kwenye meseji ya wasapu iliyosomwa haijajibiwa, wewe ukigundua imeondoka unairudisha bila kujitukana, ikiondoka tena unairudisha tena, zoezi lenyewe ndo hilo wala hamna lingine. Mi nafanya nikiosha vyombo, au nikivuka na pantoni kwenda Msangamkuu simu inabaki kwenye pochi nasikiliza injini na kelele za watu na ndoo zao.

Ila tusidanganyane, mkulima ambaye korosho zake zimeshapita mnadani na hela haijaingia usimwambie avute pumzi, huyo anadai chake alipwe.

We unayetaka kuanza anza na kitu unachofanya kila siku, hata kupiga mswaki. Ukitaka ile ya kwetu njoo Jumamosi, mama mkubwa anatafuta wa kumsaidia kubangua, chakula kipo, majivu pia yapo.