Kitabu kimetoka, na wasomaji wametokea upande ambao sikuutegemea

Haya jamani, kitabu kimetoka. Kinaitwa Mlinzi wa Kimondo, hadithi fupi 9 za kisayansi, zote kwa Kiswahili, kurasa 144, na kava lina rangi ya udongo mwekundu wa Mbozi, kule kimondo kilipo, kama nilivyotaka. Wengi mmekua mkiniuliza imefikia wapi nami najibu bado kidogo, bado kidogo, sasa leo mitihani nimemaliza kusahihisha, chai ipo pembeni, nataka niandike yote kabla hayajanipoa.

Nianze na kuchapisha maana ndio mnaulizia sana. Mchapishaji mmoja niliyempelekea mswada alinijibu kwa heshima kabisa, akasema lugha ni nzuri ila soko la hadithi fupi ni shuleni, na kitabu ambacho hakimo kwenye orodha ya fasihi ya sekondari kinakaa stoo mpaka kinaota vumbi, akanishauri niandike kingine kuhusu rushwa au mimba za utotoni. Hesabu zake nazielewa, ana watu wa kulipa mwisho wa mwezi. Lakini nilikua na hadithi hizi na sio zile, basi nikaamua nachapa mwenyewe.

Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, unaiomba Bodi ya Huduma za Maktaba. Ukiona kitabu baada ya ile 978 ya mwanzo kina 9976 au 9987 ujue kimesajiliwa Tanzania, na mi nilivyopata ya kwangu nilikaa naiangalia kwenye simu kama picha ya mtoto. Kilichonichosha kichwa ni hesabu za mtambo. Pleti za kuchapia zina gharama ileile ukichapa nakala 100 au 1,000, kwahiyo ukichapa chache kila kitabu kinabeba gharama kubwa ya pleti na bei inapanda mpaka mtu wa kawaida hakinunui. Nikajibana nikachapa 500. Alafu karatasi kubwa moja ikikunjwa inatoa kurasa 16, ndio maana kitabu kina 144 na sio 147, ilibidi hadithi ya mwisho ipunguzwe aya kadhaa na kusema ukweli imekua nzuri zaidi bila zile aya.

Kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwa mtu ni hiki cha kukata maneno mwisho wa mstari. Prufu ya kwanza, yaani nakala ya kukagulia kabla ya kuchapa, ilivyokuja nikaanza kusoma nakuta "kim-" huku mwisho wa mstari na "ondo" mstari wa chini. Nakuta "ng" imebaki juu na kale kakoma kake pamoja na "ombe" vimeshuka chini. Programu ya kupanga kurasa ilikua inakata Kiswahili kwa kanuni za Kiingereza! Sasa Kiswahili silabi yake kwa kawaida inaishia kwenye irabu, mtoto wa darasa la pili anajua, ki-mo-ndo, ng'o-mbe, ila ile programu haijafundishwa. Dizaina akasema dada mbona ni kawaida, vitabu vingi viko hivo, watu hawaoni. Mi nikamwambia wanaona, wanajikwaa tu bila kujua wamejikwaa na nini. Tukazima ukataji wa moja kwa moja na kila neno lililotakiwa kukatwa tukalikata kwa mkono, yeye Dar mi Mbeya, tunatumiana picha za kurasa usiku wakati bando ni nafuu. Kama unachapa kitabu cha Kiswahili hilo liangalie mapema, usisubiri prufu.

Sasa kukitangaza, hapo ndio kuna mambo.

Kwa sisi huku mtu asikudanganye kwamba Watanzania hawasomi. Nenda kwenye magrupu ya simulizi ya WhatsApp ukaone, mtu anasoma sehemu ya 1 mpaka ya 80 kwenye kioo cha simu kilichopasuka, akifika kwenye "itaendelea" anakasirika kweli kweli, na sehemu za mwisho analipia kwa M-Pesa bila kulalamika. Hao ni wasomaji kuliko wengi wenye makabati ya vitabu. Kwahiyo nilichukua hadithi moja, ile ya binti anayelinda kimondo usiku, nikaikata vipande, nikawaomba maadmini wa magrupu mawili matatu wanikubalie niirushe kipande kila jioni. Magrupu yenyewe ni ya mapenzi na majini. Niliogopa wataona ni mambo ya shule wanikimbie.

Hakuna aliyekimbia. Msomaji aliyezoea jini anayeongea hasumbuki na mashine inayoongea, anachotaka kujua ni huyu binti ana shida gani, nani kamuudhi, na mwisho itakuaje. Komenti zilikua tuendelee, tuendelee, mwandishi usituue na presha. Ila kuna mtu mmoja aliandika ujumbe mrefu kuliko kipande chenyewe. Kwenye hadithi ile kimondo kinaanza kupata joto, nyuzi moja kila usiku, na hakuna anayejua kwanini. Yule mtu akauliza hilo joto linatoka wapi, maana nishati haizaliwi tu, lazima kuna kitu pembeni kinapoa. Nikamuuliza kaka wewe ni mwalimu? Akasema hapana, mi ni fundi redio hapa Mwanjelwa, form four nilipata ziro ya fizikia.

Nilisoma hiyo meseji nikaiacha, nikarudi nikaisoma tena. Mtu ameinusa kanuni ya uhifadhi wa nishati ndani ya hadithi, na ameipeleka mbele kuliko nilivyoipeleka mi mwenyewe, alafu makaratasi yanasema ana ziro.

Hapa lazima niseme kitu kama mwalimu. Watoto wetu wanasoma sayansi kwa Kiswahili mpaka darasa la saba, wakiingia kidato cha kwanza kila kitu kinageuka Kiingereza ghafla. Mtoto aliyekua anakuelezea kupatwa kwa mwezi mpaka unaona kivuli kinavyosogea, mwezi wa pili wa form one amekua bubu. Anakariri. Anaandika notisi asizozielewa kwa mwandiko mzuri. Nimeliona hili miaka yote nafundisha na nilikua nalijua kama mwalimu, ila nilikua sijaliunganisha na kuandika. Nilidhani naandikia wapenda vitabu. Kumbe waliokua wanaisubiri hadithi ya kisayansi kwa Kiswahili ni watu wa namna ya yule fundi, watu ambao sayansi waliipenda wakafungiwa mlango wakiwa na miaka 14.

Duka moja la vitabu hapa mjini walikipanga kwenye rafu ya fizikia na kemia, kati ya vitabu vya maswali na majibu. Nilienda nikamwomba dada wa pale akihamishie kwenye hadithi, akanisikiliza, akahamisha vitano akaviacha viwili. Wiki iliyofuata akanipigia, Madam, vile viwili vya kwenye fizikia ndio vimeondoka kwanza, naomba nirudishe vyote kule. Nikamwambia rudisha mama, rudisha.

Alafu tukaenda Ndolezi. Uzinduzi wa kitabu hotelini sikuutaka, hela yenyewe haipo na watu wa hoteli hawatanunua. Nilichukua wanafunzi wa klabu ya sayansi tukapanda gari mpaka Mbozi, kwenye kimondo chenyewe. Kwa wasiokijua, ni chuma kilichotoka angani, urefu kama mita 3, uzito unakadiriwa tani 12 na wengine wanasema 16, karibu chote ni chuma na kiasi kidogo cha nikeli. Wenyeji walikua wanakijua tangu zamani, kwenye maandishi ya kisayansi kiliingia mwaka 1930. Mwanzo kilikua kimezama ardhini, wakachimba pembeni kote wakaacha nguzo ya udongo chini yake, baadae ikajengewa zege, ndio maana leo kinaonekana kama kimewekwa mezani.

Ukikigusa kina ubaridi wa kipekee hata jua likiwa limewaka. Juu kina vishimo vishimo, kama mtu alibonyeza kidole gumba kwenye unga uliokandwa, ni pale chuma kilipoyeyuka kikipita kwenye anga. Wanafunzi wakaweka vidole vyao kwenye vile vishimo mmoja mmoja, hata wale wakorofi wa nyuma walitulia. Nikasoma hadithi yote kwa sauti, upepo ule wa Mbozi unapeperusha kurasa mpaka binti mmoja akaja kunishikia kitabu upande mmoja.

Nilivyomaliza binti yule yule akauliza, Madam, shimo liko wapi? Kitu cha tani zote hizi kikianguka si kingechimba shimo? Kwa Kiswahili, mbele ya wenzake, binti ambaye darasani sijawahi kuona mkono wake. Na swali lake ni swali la kweli la wanasayansi, shimo halipo, na hakuna simulizi ya wazee inayokumbuka kikianguka, kwahiyo huenda ni zamani mno mpaka mvua na mmomonyoko vimelifuta. Wakaanza kubishana. Mmoja akasema kiliviringika. Mwingine akasema kilitua polepole kwa sababu kuna aliyekileta, akaangaliwa na wenzake akasema nyie si mmesikia hadithi? Nikawaacha. Tulichelewa gari kwa ajili ya ule ubishi na dereva alituongezea nauli, na nimelipa kwa moyo mweupe.

Njiani kurudi niliwasimulia habari za Erasto Mpemba maana naona hazisimuliwi vya kutosha. Mwaka 1963, mwanafunzi wa Magamba sekondari kule Tanga, anatengeneza aiskrimu na wenzake, anaweka maziwa ya moto kwenye friji bila kusubiri yapoe na ya kwake yanaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Anamuuliza mwalimu, anaambiwa amechanganyikiwa, darasa linamcheka. Hakuacha. Baadae akiwa Mkwawa, Iringa, akamuuliza profesa aliyekuja kutembelea shule, Denis Osborne, na huyo akaenda kupima kweli, na 1969 wakaandika pamoja. Mpaka leo wanasayansi wanabishana kwanini inatokea na hata kama inatokea kila mara. Kwenye kitabu kuna hadithi inaitwa Barafu ya Moto, sikumtaja humo ila kila mstari wake unamsalimia yeye.

Kuna wanaoniambia mada zenyewe sio zetu, roboti na satelaiti ni za Wazungu. Hili linaniuma na nalijibu kila mahali. Satelaiti ya kwanza kabisa iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza nyota kwa miale ya eksirei ilirushwa pwani ya Malindi, kwenye jukwaa la Waitaliano baharini, tarehe 12 Desemba 1970, na kwa kuwa ilikua siku ya uhuru wa Kenya wakaiita Uhuru. Mwaka 2018 ndege isiyo na rubani ilikua inajaribiwa kupeleka dawa kisiwani Ukerewe, kilometa 60 juu ya ziwa kwa dakika 40 hivi. Septemba 2016 jua lilivyopatwa likawa pete pale Rujewa, watu walijaa uwanjani wameshika miwani ya makaratasi, wamama na watoto mgongoni, hakuna aliyesema hilo jua sio letu. Na wanaosema hadithi ya safari za sayari nyingine haijawahi kuandikwa kwa Kiswahili wamtafute Katama Mkangi, mwandishi wa Kenya, riwaya yake ya Walenisi ilitoka 1995. Mi sijaanzisha chochote, naendeleza.

Hela? Nitasema ukweli, gharama ya kuchapa haijarudi yote, ila inarudi. Maduka yanachukua kwa mali kauli, wakiuza ndio wanakulipa na wanakata asilimia yao, kwahiyo huwezi kuwategemea peke yao. Kinachotembea haraka ni mtu anasoma kipande kwenye status, anatuma hela kwa simu, mi nafunga kitabu kwenye bahasha ya kaki, namwandikia jina na namba na mji anaoshukia, nakipeleka stendi kwa wakala wa basi, kesho yake yuko nacho. Vimefika Songea, vimefika Kigoma, kimoja kimeenda Lubumbashi kupitia Tunduma kwa dereva wa lori ambaye naye alikisoma njiani, akanitumia voisi ya kulalamika kwamba hadithi ya saba imeisha vibaya. Tumebishana naye karibu saa nzima na bado naamini imeisha inavyotakiwa.

Yule fundi wa Mwanjelwa nilimpelekea nakala dukani kwake mwenyewe. Ameniambia anaandika jibu lake la lile joto linatoka wapi, kwa urefu, na akimaliza nitaliweka hapa kwa jina atakalotaka yeye.

Likizo ya Juni nitakua Vwawa, Tunduma na Sumbawanga na maboksi yaliyobaki. Wanafunzi wana bei yao ya chini, mje na kitambulisho cha shule. Walimu wa fizikia popote mlipo, nitumieni namba nawapa hadithi ya kimondo bure muisome darasani kwa sauti, kwa Kiswahili, alafu mniandikie watoto wameuliza nini.