Siku moja maishani mwangu: fundi breki wa magari ya mbio

Watu wakijua kwamba nashughulika na magari ya mbio, huniuliza habari za injini. Ina nguvu kiasi gani, inakimbia mpaka wapi. Gari linasimamaje, hilo haliulizwi, na mimi kazi yangu ndiyo hiyo ya kusimama. Wateja wangu si timu kubwa zenye wahandisi. Ni watu wenye ajira zao, wanaojenga gari jioni baada ya kazi na kwenda kushindana mwishoni mwa juma. Wengi wao, hata wale ninaowaheshimu sana, huniona kama mtu wa kubadilisha pedi za breki basi. Nawaandikia Ijumaa yangu iliyopita kama ilivyokwenda, maana Ijumaa kila mtu anataka gari lake kabla jua halijazama.

Saa 12 asubuhi. Nafungua, nawasha taa, nafuta benchi. Usafi huu una sababu: kidole kimoja chenye grisi kikigusa uso wa pedi, pedi hiyo siiamini tena. Kisha nakagua chupa za mafuta ya breki. Iliyofunguliwa zamani naitenga, haiendi kwenye gari la mbio, kwa sababu mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Yakishabeba maji asilimia 3.7, kiwango hicho kinashuka hadi 155. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabanwa kirahisi, na mguu wa dereva unakwenda hadi sakafuni bila gari kupunguza mwendo.

Saa 1 hadi saa 3. Magari mawili ya ukaguzi. Pedi zimelika sawasawa, hosi hazijachubuka, yameondoka.

Saa 3 na nusu. Gari ambalo mwenyewe amelitoa upepo, yaani hewa iliyonaswa ndani ya mafuta ya breki, siku mbili mfululizo na pedali bado laini. Nikainama chini ya tairi la nyuma na kuona kalipa (kifaa ambacho pistoni zake huzibana pedi kwenye diski inayozunguka na tairi) ya kushoto imefungwa kulia, ya kulia kushoto. Skrubu ya kutolea upepo ikawa inatazama chini. Hewa hupanda, kwa hiyo ilijikusanya juu ya kalipa mahali ambapo hapana pa kutokea, na mafuta yakawa yanapita chini yake. Tukazihamisha, tukatoa upepo, kazi ikaisha.

Saa 4 na robo akaingia mteja ambaye ndiye siku yangu yote.

Gari lake ni dogo, jepesi, halizidi kilo 1,000, na amelijenga vizuri. Nalisema hilo mapema kwa sababu nitamlalamikia hapa chini, na sitaki mtu adhani ni mzembe. Kalipa za mbele mpya, za pistoni nne. Diski kubwa zaidi. Hosi zilizosukwa kwa chuma. Mbio kesho asubuhi. Kabla sijamsalimia vizuri akasema, "Fundi, nitolee upepo tu. Nimetoa mara sita, kuna hewa imejificha."

Nikaingia nikakaa, nikakanyaga. Pedali ngumu, juu kabisa. Nikaikandamiza dakika nzima kwa nguvu ileile, haikushuka hata kidogo, maana yake masta silinda, pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali, haivujishi kwa ndani. Nikamwambia, "Bosi, hapa sioni hewa. Niambie, inazama lini?"

"Wakati wote."

"Sasa hivi haizami."

"Kwenye mbio inazama wakati wote."

Sehemu hii ya kazi hakuna anayeifikiria: kumfanya dereva akumbuke. Pedali inayozidi kulainika raundi baada ya raundi inanielekeza kwenye mafuta yanayochemka. Pedali iliyobaki ngumu huku gari halishiki inanielekeza kwenye pedi zilizopata joto kupita uwezo wake. Inayozama mkanyago wa kwanza na kusimama mkanyago wa pili ni habari nyingine kabisa. Dereva akishaogopa, yote matatu huyaita jina moja, "breki zimekufa", nami siwezi kumlaumu. Gari la kilo 1,000 likishuka kutoka kilomita 180 kwa saa hadi 72 kabla ya kona, breki zinameza joto la kutosha kuchemsha lita tatu za maji baridi, ndani ya sekunde chache. Aliyekuta pedali haipo mahali pale hakumbuki mpangilio wa mambo. Anakumbuka ukuta tu.

Nikauliza upya kwa njia nyingine. Ilizama kona gani? Kabla ya kona hiyo ulipita wapi? Yeye akawa kwenye simu na mwenzake, ambaye alimshauri abadilishe masta silinda. Akanigeukia na kusema tubadilishe masta silinda. Nikamweleza kwa nini siyo. Akasikiliza, akarudi kwenye simu, akaja na ushauri wa pedi za aina nyingine. Nikatoa pedi tukaziangalia pamoja: hazijapinda, hazijang'aa kama kioo, kingo hazijapauka kwa joto. Nzuri. "Basi ni hewa," akasema.

Nikakubali kutoa upepo. Najua sikupaswa, lakini mtu mwenye mbio kesho huwa hasikii mpaka kile anachokiamini kiondolewe mezani. Tukaanza tairi lililo mbali zaidi na masta silinda, tukaja mbele, kijana ninayemfundisha akikanyaga na mimi chini na chupa na mpira mwangavu. Karibu saa nzima. Halikutoka povu hata moja. Mafuta masafi, mapya, tuliyoyamwaga bure.

Hapo ndipo aliponyamaza, na akiwa amenyamaza akakumbuka. "Ni ile kona ya tatu. Unapanda zile kingo zenye matuta, gari linatetemeka, halafu unafunga breki ya kona ya nne, ndipo mguu unazama. Nikipampu mara moja inarudi."

Ningemkumbatia. Taarifa niliyokuwa naitafuta tangu saa 4 ilikuwa imekaa kichwani mwake muda wote.

Pedali inayopotea baada ya mtetemo na kurudi kwa kupampu maana yake kuna kitu kimeyumbisha diski, na diski imezirudisha pistoni ndani ya kalipa. Mkanyago wa kwanza unatumika kuzileta pistoni zilipokuwa, wa pili ndio unaofunga. Wala haihitaji umbali mkubwa. Kila upande wa kalipa zake una pistoni mbili za milimita 38, na masta silinda yake ni ya milimita 19. Diski ikizisukuma pistoni za upande mmoja milimita 0.3 tu, masta silinda inabidi itembee milimita 2.4 kuziba nafasi hiyo, na kwa kuwa pedali yake inazidisha mara tano, mguu unazama milimita 12 za ziada kabla breki haijagusa. Unene wa karata moja kwenye diski, upana wa kidole kwenye mguu.

Nikatoka na gari uwanjani nyuma ya gereji. Nikalizungusha kwa umbo la namba 8, polepole, usukani umekatwa hadi mwisho, bila kugusa breki hata mara moja. Uzito ukahamia kulia, kushoto, kulia. Kisha nikakanyaga. Ikazama. Nikakanyaga tena, ikasimama juu. Nikamwita aingie yeye, azungushe, akanyage. Uso wake ulibadilika.

Tukainua mbele kwa jeki na kuweka stendi. Nikashika tairi la kulia juu na chini, nikalitikisa. Kuna kitu kinacheza, kidogo sana, na kinaweza kuwa beringi ya gurudumu au kinaweza kuwa kiungo cha chini cha mkono, ule wa chuma unaoshikilia gurudumu. Nikamwambia kijana akanyage breki na kushikilia. Nikatikisa tena: kimya. Kiungo cha mkono kingeendelea kucheza. Breki ikishaibana diski, kinachonyamaza ni beringi. Kijana alitoka garini kulishika tairi kwa mikono yake mwenyewe, kwanza bila breki, kisha mimi nikikanyaga, mara tatu, na hilo lilinifurahisha kuliko jambo lolote la siku ile.

Nikafungua kalipa na kuining'iniza kwa waya, kamwe si kwa hosi yake, nikaibana diski kwa nati na kuweka geji ya saa, kipimo chenye sindano kinachosoma mchezo mdogo kwa milimita. Diski yenyewe ikizunguka iliyumba milimita 0.04, haina kosa. Nilipoivuta na kuisukuma kwa wenzo, sindano ilitembea 0.32.

"Beringi hii ni mpya," akasema mteja. "Nimeifunga mwenyewe mwezi uliopita."

Nikamuuliza kama nati ya katikati aliikaza kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza. Aliikaza kwa mkono na bomba refu, kwa kukisia. Kwenye habu (kitovu cha gurudumu) ya aina hii nati ndiyo inayozibana zile ringi mbili za ndani za beringi pamoja. Ikikazwa pungufu, beringi inacheza tangu siku ya kwanza, na kwa kuwa inacheza, inajila. Kalipa za zamani zilikuwa za kuteleza, zilifuata diski ilikoyumba, kwa hiyo hakuhisi sana. Zile mpya zimesimama imara, hazifuati, pistoni ndizo zinazorudishwa nyuma. Alizinunua kwa jasho lake ili gari lisimame vizuri zaidi, na ndizo zilizouonyesha ugonjwa. Nilimweleza taratibu, kwa sababu mtu anayejenga gari lake mwenyewe huumia anapoambiwa hivi, nami sikutaka aumie.

Beringi ya akiba alikuwa nayo kwenye trela. Baada ya hapo sikuangalia saa tena. Kung'oa habu. Ringi ya ndani iliyogoma na kubaki kwenye habu, ambayo tuliitoa kwa kifaa cha kung'olea beringi huku mgongo wangu ukinikumbusha kwamba nimesimama tangu alfajiri. Kusafisha nyumba ya beringi mpaka kucha itembee bila kukwama. Presi: ukiingiza beringi kwenye nyumba yake unasukuma ringi ya nje, ukiingiza habu unaishikilia ringi ya ndani, maana nguvu ikipitia kwenye gololi umeiua kabla haijazunguka. Kijana alitaka kuharakisha na nikamzuia. Mteja alikuwa anatembea huku na huko anauliza bado ngapi. Nikamwomba akae. Akauliza tena. Taa za nje zilikuwa zimewashwa, mikono yangu ina harufu ya mafuta ya breki ambayo sabuni haiitoi, na nilijua kwamba nikikosea hapa, atakayelipa ni yeye, kesho, kona ya nne.

Nati nimeikaza kwa toki renchi, kwa kipimo cha kitabu cha gari lake, na kuitia alama ya rangi ili aone ikisogea. Geji ikarudi mahali pake. Nikavuta, nikasukuma: sindano ilitetemeka ndani ya 0.02. Nikapima upande wa kushoto pia, ingawa hakuniomba, kwa sababu mkono uliokisia kulia ulikisia na kushoto. Nati ilikuwa imekazwa pungufu ya kipimo, beringi bado haijaharibika. Nikaikaza.

Safari hii upepo hatukutoa. Hosi haikufunguliwa.

Tukarudi uwanjani gizani, taa za gari zikimulika ukuta. Alizungusha mwenyewe namba 8 sita, akasimama, akakanyaga. Nilikuwa nimeinama dirishani na rula, nikipima kutoka sakafuni hadi pedali, mkanyago wa kwanza na wa pili. Milimita 118. Milimita 118. Nikaviandika vipimo vyote viwili kwenye daftari, kijana akashika tochi, na mteja akaomba karatasi ili aviandike na yeye.