Shoti Kwenye Diski ya Shangazi

Shangazi alinipigia simu sauti ikimtetemeka. Umeme ulikuwa umekatika usiku ukarudi kwa nguvu, na tangu hapo kompyuta yake ya mezani ilikataa kuwaka. Fundi aliyeiangalia alimwambia mazabodi, ile bodi kuu inayounganisha vifaa vyote, imeungua, anunue nyingine. Shangazi ni mfasiri wa vitabu. Humo ndani mlikuwa na tafsiri aliyoihangaikia mwaka mzima, na nakala nyingine haikuwapo popote.

"Mwanangu, hiyo mashine hata ikifa na ife," aliniambia nilipofika. "Mimi nataka maandishi yangu."

Nilimwomba aiwashe nione. Akabonyeza. Feni ikashtuka, ikazunguka kidogo tu, ikasimama. Akabonyeza tena, kimya.

Ule mshtuko wa feni ulinipa matumaini makubwa. Kompyuta isiyoonyesha dalili yoyote na kompyuta inayojaribu kisha ikaacha ni wagonjwa wawili tofauti kabisa. Ya kwanza ningeianzia kwenye soketi, waya wa umeme, swichi ya nyuma na kitufe cha mbele. Hii ya pili ilikuwa ikisema umeme unafika na amri ya kuwaka inafika, ila pawa saplai, kifaa kinachogawa umeme kwa vifaa vya ndani, imehisi hatari ikajizima. Ikishajifunga namna hiyo, mara nyingi haikubali tena mpaka uchomoe waya ukutani na kusubiri kidogo. Ndiyo maana mbonyezo wa pili haukuleta kitu. Kutoka hapo hadi kutamka kwamba mazabodi imeungua ni safari ndefu, na fundi yule hakuwa ameisafiri.

Nilianza na pawa saplai. Nikachomoa umeme, nikafungua ubavu wa kasha, nikatenganisha kebo zake zote. Kwenye kiunganishi kikubwa cha pini 24 kuna waya mmoja wa kijani. Ukiuunganisha na mweusi wowote, pawa saplai huona imeamriwa kuwaka. Nikaviunganisha kwa kibanio cha karatasi, nikarudisha umeme. Feni yake ikazunguka bila kusita, na mita yangu ya kupimia umeme ikasoma volti 12.1 kwenye waya wa njano, 5.0 kwenye mwekundu. Kinachoruhusiwa ni kupungua au kuzidi kwa asilimia 5, kwa hiyo ilikuwa salama. Kipimo hicho hakimalizi maneno, kwani pawa saplai inaweza kusoma vizuri bila mzigo ikazidiwa ikibebeshwa, lakini kilitosha kunielekeza kwingine. Yenyewe sikuifungua, wala simshauri mtu aifungue: kapasita kubwa ya ndani, kifaa kinachotunza chaji ya umeme, huweza kubaki na mamia ya volti hata baada ya waya kuchomolewa.

Kisha nikaiwasha mazabodi ikiwa na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, na kipande kimoja cha RAM, yaani kumbukumbu ya muda, basi. Nikagusisha pini mbili za swichi kwa ncha ya bisibisi. Feni ikazunguka, ikaendelea kuzunguka, na skrini ikajaa maandishi. Shangazi akapiga makofi.

Nikawa narudisha kifaa kimoja kimoja, nikichomoa umeme kila mara kabla ya kuunganisha. RAM ya pili, sawa. Kisoma sidii, sawa. Nilipochomeka diski inayohifadhi kazi zake, feni ikashtuka na kusimama.

Shangazi hakuhitaji kuelezwa. "Ndimo yalimo," akasema, akakaa kitini.

Nikaipima diski ikiwa peke yake mezani. Kati ya njia ya volti 12 na ya hasi, mita ililia mfululizo: shoti, yaani umeme unapita moja kwa moja bila kizuizi. Lakini shoti ilikuwa kwenye bodi ndogo iliyofungwa chini ya diski, na maandishi hayakai huko, yanakaa kwenye sahani za sumaku ndani. Karibu na mahali umeme unapoingilia kuna diodi za ulinzi, vipande vidogo vya kukinga saketi. Volti zikizidi, diodi hizo hujitoa mhanga: huungua zikawa shoti, na umeme uliozidi hauendi mbele kwenye saketi nyingine. Nilimweleza shangazi kwamba nikiitoa ile iliyoungua, diski huenda ikazunguka, ila itakuwa haina kinga, kwa hiyo itawashwa ili tunakili tu.

"Fanya, mwanangu."

Niliilegeza kwa chuma cha kulehemu, nikaipima njia ile tena. Shoti ilikuwa imeondoka. Diski ikazunguka kwa sauti yake ya kawaida, na folda za shangazi zikajitokeza zote. Alisimama nyuma yangu akisoma majina ya sura moja baada ya nyingine wakati zikinakiliwa kwenye diski mbili za nje.

Diski ile hatukuitumia tena. Pawa saplai nayo niliibadilisha, ingawa mita iliisifu, kwa kuwa volti zilizoiua ile diodi zilipitia kwake, na diski mpya sikutaka kuiunganisha na kitu ninachokishuku.