Aliyekula wa Mwisho

Bwana asifiwe, wapendwa. Juma lililopita sikuandika. Tulikuwa kijijini, upande wa Tororo, tukimzika Jajja wetu, yaani bibi yetu. Niliporudi Jinja nilishika kalamu mara tatu, mara tatu nikaiweka chini.

Somo la leo ni Mwanzo 23, kifo na maziko ya Sara mke wa Ibrahimu, pamoja na mstari mmoja wa sura ya 25, pale Ibrahimu anapofariki "mzee sana, ameshiba siku". Mchungaji aliusoma mstari huo mbele ya jeneza, na neno hilo la kushiba halijaniachia tangu siku ile. Nimelitafuta kwingine katika Maandiko. Nimewakuta Isaka, Ayubu, Daudi na kuhani Yehoyada, wote wameshiba siku. Wote wanaume. Sara anahesabiwa miaka yake 127, heshima ambayo wanawake wachache mno wa Biblia waliipata, lakini haikuandikwa kwamba alishiba.

Jajja hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Umri wake tuliupima kwa matukio. Malkia wa Uingereza alipokuja kufungua bwawa la umeme la Owen Falls hapa Jinja, Aprili 1954, Jajja alikuwa mke mpya mwenye mimba ya kwanza. Babu alifuata kazi za viwanda vilivyozaliwa na umeme ule, wakapata chumba mtaa wa Walukuba. Jirani wa kushoto Mluo, wa kulia Mlugbara, wa mbele Mteso. Ndiyo maana sisi wajukuu wake tunasali kwa Kiswahili mpaka leo.

Ilikuja miaka ya magendo, wakati wa Idi Amin, sukari ikahesabiwa kwa kijiko na mche wa sabuni ukakatwa kwa uzi. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Uganda akauawa na utawala ule, na ushirika uliokutana chumbani kwa Jajja ukabaki na watu wanne. Hakufunga mlango. Alitusimulia hayo mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, huku akichambua maharage. Baadaye UKIMWI ukamchukulia wanawe wawili na wake zao. Katika umri ambao wenzake walikuwa wanapumzika, yeye alianza upya na watoto saba kwenye mkeka. Mimi ni wa tano.

Nakumbuka sigiri, jiko letu la makaa, mlangoni, posho (ugali) na mukene, yaani dagaa. Alikuwa anapakua sahani saba, anakwangua sufuria, anaifunika. Tukiuliza, "Na wewe, Jajja?" anajibu, "Mimi nimeshiba moshi." Tulimwamini, tukala. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wangu, mwezi ambao mshahara haukufika, nilipousikia mdomo wangu mwenyewe ukimwambia binti yangu maneno yale yale. Niligeukia ukutani asinione.

Basi aliyekula wa mwisho maisha yake yote, anashibaje siku? Nimeliweka swali hili mbele za Mungu wiki nzima, na kila mara narudishwa kwa Sara. Ibrahimu anakuja kumlilia. Kisha anainuka, anampimia Efroni mwenye shamba shekeli 400 za fedha, ananunua shamba na pango la Makpela. Mungu alikuwa amemwahidi nchi nzima, lakini kipande cha kwanza alichokimiliki kwa haki kilikuwa kaburi la mkewe. Wakaja kuzikwa hapo yeye mwenyewe, Isaka na Rebeka, Lea na Yakobo. Ukoo ulikusanyika kwa huyo mama.

Baba zangu wadogo wawili walikuwa hawajasalimiana miaka sita kwa sababu ya mpaka wa shamba. Siku ya maziko walijikuta upande mmoja wa kaburi, wameshika kamba moja, wakimteremsha mama yao pamoja. Mpaka bado haujapimwa. Lakini jioni ile niliwaona wamekaa benchi moja chini ya turubai, na mdogo akamsogezea mkubwa chai. Tuwaombee.

Nina ombi moja kwenu wiki hii. Sahani ya kwanza nyumbani iwe ya aliyepika. Akisema ameshiba, msimwamini upesi.

Jumatatu ya mwisho dada yangu alikuwa anamlisha uji wa wimbi. Baada ya vijiko vitatu Jajja akafumba mdomo. "Ongeza kidogo, Jajja." Hakumjibu. Alitutazama tulivyozunguka kitanda, mmoja mmoja, polepole, kama alivyokuwa akihesabu sahani. Tulikuwapo wote saba.

"Mmekula?"

Tukamwambia tumekula.

"Basi na mimi nimeshiba."

Safari hii hakutaja moshi.