Kwa nini nimebaki na Zangief

Wiki hii jamaa ninayecheza naye mtandaoni kaniuliza aanze na mhusika gani kwenye Street Fighter 6, lile gemu la kupigana ngumi na mateke, nikamwambia kabla hujafungua listi za nani mkali nani mnyonge, ingia kwenye mazoezi, bonyeza vitufe vya kila mtu, uone mkono wako unafurahia nini. Namwambia hivyo kwa sababu mimi nilianzia kwenye listi.

Nilimchukua Ken maana kila mtu alikua anamsifia, na kweli jamaa kakamilika, ana mpira wa moto, ana ngumi ya kupaa, ana mbio. Nikakariri kombo zake, yaani mapigo yanayofuatana, kama mtu anayejiandaa na mtihani. Nilikua nashinda mechi nyingi tu ila nikizima gemu sikumbuki hata raundi moja.

Halafu siku moja nikamjaribu Zangief, lile pande la mtu kutoka Urusi, na hapo ndo nikaelewa watu wanaposema "huyu wangu".

Ule mrusho wake mkubwa, Screw Piledriver, unataka uzungushe stiki duara halafu ubonyeze ngumi. Sasa ndani ya duara kuna juu, na juu ni kuruka, kwa hiyo ukizungusha umesimama hivihivi anaruka tu na unabaki hewani unasubiri kipigo. Dawa yake ni kuuficha mzunguko ndani ya kitu kingine, yaani unapiga ngumi nyepesi, mkono wake kabla haujarudi kidole gumba chako kishazunguka, au unaruka makusudi unazungusha ukiwa juu, ukigusa chini tu kitufe, kamdaka. Mpinzani hawezi kuubloku wala kujinasua kama kwenye mrusho wa kawaida, ilibidi awe ameshaondoka. Mara ya kwanza uliponitoka kwenye mechi ya kweli mikono ilitetemeka.

Lakini kinachonikalisha naye hasa ni ile safari ya kumfikia mtu. Zangief hana mpira wa moto. Ukikutana na mhusika kama Guile anakujazia Sonic Boom, ile silaha yake ya kurusha kutoka mbali, unatembea hatua moja, unabloku, unatembea nusu hatua, unabloku tena, geji yako ya Drive, ile akiba ya nguvu, inapungua taratibu na saa inakimbia. Ila Guile ili arushe lazima kwanza ashikilie nyuma kwa muda kidogo, akisogea mbele chaji imepotea, kwa hiyo kila hatua unayomsukuma anakaribia ukuta. Ukishafika pale ukutani, sasa yeye ndo anaanza kuogopa, anaruka ovyo, anabonyeza ovyo. Hiyo hofu unaiona kabisa kwenye skrini na mimi sijawahi kuipata raha hiyo kwa mhusika mwingine yeyote.

Simsemi vibaya Ken. Evo ya 2004, yale mashindano makubwa ya gemu za kupigana, kwenye Street Fighter III: 3rd Strike, Daigo Umehara alikua na Ken huyohuyo, damu (uhai wa mhusika) imebaki kinukta, hata kubloku tu supa, yaani pigo kubwa la mhusika, ingemmaliza, na Chun-Li wa Justin Wong akaiachia ile supa ya mateke 15. Daigo akayapangua yote, yaani anasukuma stiki mbele pale pale teke linapofika na haumii kabisa, moja moja, la mwisho akalipangua hewani, akashuka na kombo akamaliza raundi. Ile video nimeitazama mara nyingi mno na kila nikiitazama naona mtu anayempenda Ken kwa dhati. Mimi Ken nilikua nimemwazima tu kwa watu wa listi.

Jana usiku jamaa kanijibu. Kapitia wahusika wote, kabaki na Dhalsim, anasema anapenda ule mkono unavyorefuka ukamgonga mtu upande wa pili wa skrini halafu ukarudi. Dhalsim jamani, huyo ndo anayenitesa kuliko wote, mkono unanifikia mimi hata sijapiga hatua tatu. Jumamosi tunacheza mechi 10.