Mtu Ambaye Mgonjwa Anaweza Kumkataa

Somo: Yohana 5:1–13

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii nawaandikia hasa ninyi mliojiandikisha kumsaidia chaplaini, yaani mchungaji wa hospitali, kwa kujitolea. Wengi mmeguswa na neno la Mathayo 25, "nalikuwa mgonjwa, mkaja kunitazama." Neno hilo linatosha kumtoa mtu nyumbani kwake. Akishafika kando ya kitanda, je, afanye nini? Hapo naomba twende Bethzatha, birika la Yerusalemu ambako wagonjwa walingojea maji yatibuliwe waingie wapone.

Matao matano yamejaa vipofu, viwete na waliopooza. Yesu anamwendea mmoja, mtu aliyeugua miaka 38, na kumuuliza, "Wataka kuwa mzima?" Wahubiri wengi hulipita swali hili mbiombio, maana linaonekana halina haja. Nani asiyetaka kupona? Mimi naona hapo pana heshima kubwa. Mtu aliyelala muda wote huo amezoea kupitwa na kurukwa. Leo anaulizwa.

Mgonjwa wa wodini haulizwi mengi. Saa ya kuamka hupangwa na zamu ya manesi. Sindano ikifika, anachomwa. Daktari akipita raundi na wanafunzi wake, shuka linafunuliwa mbele ya watu. Huko nyumbani ndugu wanajadili kama shamba liuzwe bili ilipwe, na yeye hayupo kikaoni. Kisha unaingia wewe. Wewe ndiye mtu ambaye mgonjwa anaweza kumwambia "leo sitaki" na asipoteze dawa wala kitanda. Akikuambia hivyo, mtakie heri, nenda kitanda kinachofuata, wala usinung'unike moyoni. Umemwachia kitu cha kuamua siku hiyo, na huo ni utumishi.

Tazameni na jibu la yule mtu. Hakusema "ndiyo, nataka." Alisema hana mtu wa kumtia birikani, na kwamba wenzake humtangulia. Ameulizwa kuhusu uzima, akajibu kwa upweke. Yesu hakumkatiza, wala hakumwambia imani yake ni haba. Sisi walokole, nisameheni kwa kusema, hapo ndipo tunapokimbilia mstari. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, wakafanya vizuri. Walipofungua vinywa ndipo akawaita "wafariji wenye kutaabisha."

Anton Boisen, mchungaji wa Marekani, alilijua jambo hili akiwa amelala kitandani. Mwaka 1920 alilazwa kwa ugonjwa wa akili. Mwaka 1924 akawa chaplaini wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester, Massachusetts, na mwaka uliofuata akaanza kuwapeleka wanafunzi wa theolojia wodini wakajifunze. Kwake mgonjwa alikuwa andiko lililo hai, la kusomwa kwa makini kama vitabu vya chuoni. Mafunzo yaliyotokana na kazi hiyo yalienea hadi kwetu; hospitali ya KCMC pale Moshi ni mojawapo ya mahali yanapotolewa. Zoezi moja la mafunzo hayo nalipenda, ingawa linauma. Ukitoka wodini unaandika mazungumzo neno kwa neno kadiri unavyoyakumbuka, jina la mgonjwa umelificha, kisha unawasomea wenzako na mwalimu. Ndipo mtu anagundua kwamba mama alisema, "Naogopa watoto wangu watalelewa na nani," naye akamjibu kwa Zaburi ya 23, mistari yote sita.

Mengine ni mafupi. Usimwambie mgonjwa aache dawa kwa sababu umemwombea; hilo halina mjadala. Usiombe kwa sauti ya mkutano wa hadhara, jirani yake huenda ametoka chumba cha upasuaji. Habari uliyoisikia kitandani usiipeleke kwenye kundi la WhatsApp, hata ukiipa jina la "hitaji la maombi." Na kitanda cha pili akiwepo Mwislamu, msalimie vizuri, akitaka shehe wake, mwambie nesi amwite. Hukutumwa wodini kuongeza idadi ya washarika.

Hata ukiyafanya yote, huenda usikumbukwe. Yule mtu wa Bethzatha alipoulizwa ni nani aliyemponya, hakumjua. Yesu alikuwa amejitenga, kwa kuwa watu walikuwa wengi mahali pale.

Mafunzo yanaanza Jumamosi, mara baada ya ibada ya asubuhi. Muuguzi wa usharika atatangulia kufundisha, kwa kuwa kabla ya Ayubu na Boisen tutaanza na kunawa mikono. Njooni na daftari na barua ya mzee wa kanisa. Mwenye kikohozi au homa asubiri awamu ijayo.